Nilivyomsingizia Muuza Petroli

Sehemu ya tano

Kwa wewe uliyekuwa na shughuli za maana wiki iliyopita, nakueleza kwa kifupi nilivyojiharibia.

Mimi ni fundi wa gereji. Wenzangu wananiita Daktari, na usidhani ni heshima. Ni kwa sababu ya kimashine changu cha kupimia magari, ambacho nakitundika shingoni kutwa nzima, hata wakati wa kula. Gari likiwasha taa ya injini nachomeka waya, nasoma, natikisa kichwa, kisha naifuta taa. Mgonjwa haponi, ila halalamiki tena mpaka kesho yake.

Gari la Shangazi nililifuta taa mara tatu. Mara ya nne lilipogoma kupanda mlima, Shangazi alinibana nimwambie ugonjwa. Nikamwambia masega yameharibika. Masega ni kile kidude cha chuma kilicho katikati ya bomba la moshi, chini ya gari. Ndani kina vitundu vingi kama sega la nyuki, na kazi yake ni kuusafisha moshi kabla haujatoka nje. Mpaka hapo nilikuwa sijadanganya.

"Na nini kimeyaharibu?" akauliza.

Nikajibu, "Petroli chafu."

Sasa, Shangazi hununua petroli kwa mtu mmoja tu chini ya jua. Ni Bwana Pampu, msimamizi wa kituo cha mafuta cha njia panda. Tangi likiwa nusu, Shangazi anakwenda kujaza. Likiwa limejaa, anakwenda kupima upepo wa matairi. Ukoo mzima ulielewa mapema kwamba matairi hayana ugonjwa. Mimi, fundi wa ukoo, nilikuwa wa mwisho.

Bwana Pampu alikuwa amemwomba waoane. Shangazi, mjane wa mwaka wa nane, alikuwa amebakiza kutamka neno ndiyo. Baada ya utaalamu wangu akatamka hapana. Akamwambia kwamba mtu anayemuuzia uchafu huku akimchekea usoni atamfanyia makubwa zaidi ndani ya nyumba.

Hapo ndipo tulipoachana. Sasa sikia ya Alhamisi.

Asubuhi hiyo Shangazi aliingia gereji na gari likikohoa. Kiti cha nyuma kilikuwa na furushi la sare za shule. Shangazi ni fundi cherehani, na shule ilizitaka sare kabla ya saa sita.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Gari yako hii imekataa kilima cha sokoni. Baiskeli imenipita, mwanangu. Baiskeli yenye kreti ya soda."

"Nitalifuta taa, Shangazi, utafika."

"Umelifuta mpaka limechanika. Leo nataka mkubwa wako."

Mkubwa wangu, Fundi Mkuu, alikuwa nyuma yangu. Huyu mzee ana tabia ya kuwa nyuma ya mtu. Hapandishi sauti, hacheki, na akikuangalia unaanza kukumbuka makosa ya shule ya msingi.

"Mama, acha ufunguo," alisema. "Leo nitalitazama mwenyewe."

"Fundi, hiyo kazi ndogo sana," nikaingilia. "Usichafue mikono yako."

Aliitazama mikono yake, ambayo ina grisi ya tangu sijazaliwa. Akauchukua ufunguo.

Wasomaji wangu, kuna jambo sikuwaambia wiki iliyopita. Sikusahau. Niliwaficha, kama nilivyowaficha wengine wote.

Pale mlangoni kwetu kuna kopo kubwa la maziwa limeandikwa KABURI kwa rangi nyekundu. Sheria ya Fundi Mkuu ni moja: plagi ikikuponyoka ikaanguka chini, imekufa. Usiiangalie, usiifute, usiipulize. Itie kaburini, chukua nyingine. Plagi, kile kidude kinachotoa cheche ya kuwasha petroli ndani ya silinda, ina shingo ya kauri, anasema, na kauri hupasuka ufa ambao jicho halioni lakini umeme unauona.

Miezi miwili nyuma nilimbadilishia Shangazi plagi. Wiki hiyo nilikuwa nimeshazika mbili, na Fundi Mkuu alikuwa ameniambia, kwa sauti yake ileile ya kuagiza chai, "Ya tatu uifuate hukohuko." Basi ile plagi ya silinda ya tatu iliponiponyoka ikagonga sakafu tii, niliangalia kushoto, nikaangalia kulia, nikaifuta kwa shati, nikaipuliza, nikaifunga.

Kila alichokataza nilikifanya, tena kwa mpangilio.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye benchi anashona vifungo. Aliuliza, "Nini hicho?" Nikasema, "Hakuna kitu, Shangazi."

Kwa hiyo nilipoulizwa nani ameua masega, nilikuwa namjua muuaji. Nilikuwa nakutana naye kila asubuhi nikinawa uso. Petroli chafu ilinijia mdomoni kwa sababu petroli haina mdomo wa kujitetea. Nilisahau kwamba ina mwenyewe.

Na mwenyewe ndiye aliyeingia dakika hiyo, juu ya pikipiki, na chupa ya kioo kifuani, ndani ya koti, kama amebeba mtoto mchanga.

Bwana Pampu ni mtu mpana, mpole, mwenye sharubu anazozichana. Siku hiyo hakuwa amezichana.

"Fundi, salama?"

"Salama, Bwana. Karibu."

"Sikai. Nimeleta petroli ya kwangu, nimeichota leo mbele ya wafanyakazi wangu wawili. Naomba muipime. Nimeitwa mchafu miaka hamsini na mbili baada ya kuzaliwa, nataka kujua kama ni kweli."

Shangazi aligeukia ukuta. Akaanza kusoma kalenda ya mwaka juzi.

"Daktari," alisema akiwa bado na kalenda, "muulize huyo bwana chupa yake ameiosha."

Bwana Pampu alikuwa hatua tatu kutoka kwake.

"Bwana, anauliza chupa umeiosha?" nikasema.

"Mwambie nimeiosha mara mbili, na maji ya moto."

"Shangazi, anasema mara mbili, na maji..."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi. Mwambie watu wanaoosha mara mbili wana lao jambo."

"Mwambie," alisema Bwana Pampu polepole, "kwamba mtu aliyekuwa akipima upepo wa matairi mara nne kwa wiki naye alikuwa na lake jambo."

Shingo ya Shangazi ilibadilika rangi. Nilitamani kuokota spana yoyote iliyo mbali.

Fundi Mkuu alichota petroli kutoka kwenye bomba la gari la Shangazi, akaitia kwenye chupa ya pili ya kioo. Akaziweka zote mbili juu ya ukuta, juani. Tukasimama kuzitazama kama watu wanaongojea mapacha wafanane.

"Maji yangekuwemo yangekaa chini, mngeona mstari," alisema. "Uchafu ungekaa chini ya maji. Mnaona nini?"

"Sioni kitu," alisema Bwana Pampu.

"Mama?"

Shangazi aliiacha kalenda. Aliinama, akakunja jicho moja kama anatunga sindano. "Nyeupe," alisema mwishowe. "Zote."

"Basi petroli tuiweke pembeni."

Hapo ningesema. Nafasi ilikuwa wazi, pana, na ina kivuli. Badala yake nilisema, "Labda ilikuwa chafu zamani, Fundi. Siku hizi wameirekebisha."

Bwana Pampu alinitazama. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Alinitazama kama mtu aliyekanyagwa na mtoto wa mwenye nyumba.

Fundi Mkuu aliingia kwenye shimo chini ya gari, akaniita. Akanipa nyundo ya mpira.

"Gonga masega. Usiyapige kama unayadai, yagonge kama mlango wa wakwe."

Nikagonga. Ndani kukajibu cheche-cheche-cheche, kama njugu kwenye kopo.

"Yamevunjika," alisema. "Vipande vinatembea. Sasa tujue kama vimeziba njia. Fungua sensa ya mbele, ile inayonusa moshi kabla haujaingia kwenye masega. Halafu washa."

Niliifungua, nikapanda, nikawasha. Gari lilinguruma kama limekaba mtu, moshi ukatoka kupitia lile tundu la sensa, na injini, wasomaji wangu, injini ikachangamka. Nilikanyaga kidogo ikaruka. Gari lililopitwa na baiskeli lilikuwa linataka mbio.

"Zima," alisema akipanda kutoka shimoni. "Mmesikia? Limepata pa kupumulia. Mtu huyu hakuwa mgonjwa wa miguu, alikuwa amezibwa pua."

"Kwa hiyo tununue masega mengine yaishe," nikasema haraka. "Shangazi ana sare za kupeleka."

"Ukimfungia mapya leo, yatakufa kabla sare hazijachakaa." Alifuta mikono. "Masega hayajiui, Daktari. Kuna kitu kinayaua. Ama injini inakula oili, na moshi wake ungekuwa wa bluu, siuoni. Ama maji ya rejeta yanaingia, na moshi ungekuwa mweupe, siuoni. Ama kuna silinda isiyowaka, inapitisha petroli mbichi mpaka huko, inakwenda kuungua mle ndani, inayayeyusha. Mashine yako ilikuambia nini ulipopima mara ya kwanza?"

Nilikishika kimashine changu kifuani.

"Iliandika habari za masega, Fundi."

"Peke yake?"

"Na... na habari ya silinda kuruka bila kuwaka. Lakini kwa maandishi madogo."

"Silinda gani?"

"Sikumbuki vizuri."

"Fungua plagi."

Nilianza na ya kwanza. Safi, rangi ya mkate. Nikaiweka kwenye meza. Ya pili, safi, nikaiweka. Kisha nikasogea kidogo, nikaanza kulegeza ya nne.

"Daktari."

"Naam, Fundi."

"Tangu lini baada ya mbili ikaja nne?"

"Nilikuwa nafuata iliyo karibu."

"Ya tatu ina ugonjwa wa kuambukiza?"

Bwana Pampu alikohoa. Shangazi alikuwa amesogea mpaka kwenye bega langu. Niliifungua ya tatu.

Ilitoka nyeusi, imelowa, inanuka petroli. Fundi Mkuu aliichukua, akaifuta shingo kwa kitambaa, akaigeuzageuza juani. Ufa ulikuwepo, umejichora mweusi kwenye ile kauri nyeupe, mwembamba kama unywele.

"Ukiwa kwenye tambarare inawaka," alisema. "Ukianza kupanda mlima, umeme unakimbilia kwenye ufa. Petroli inapita mbichi. Miezi miwili hivi, masega kwisha." Aliinua macho. "Hii ilianguka. Nani aliyezifunga plagi hizi?"

Injini ilikuwa inapoa, ting, ting.

Nilijua nitakachopoteza. Kazi kwanza, maana kule kaburini nilishapewa nafasi. Lakini kazi ni kazi, hata kwa jirani zipo gereji. Aliyekuwa anapotea pale ni mume wa Shangazi. Mwanamke aliyenilea tangu nina miaka sita, aliyenikatia sare yangu ya kwanza kutoka kwenye gauni lake, nilikuwa nimemchukulia furaha yake nikafungia plagi.

Nikafungua mdomo.

"Mimi," alisema Shangazi.

Sote tulimgeukia. Mimi nilimgeukia zaidi.

"Ni mimi niliyefunga," alisema tena, ameikunja mikono. "Namwona huyu anafanya kila siku. Nikasema na mimi nijaribu. Ikaanguka, nikaiokota."

Sasa nilielewa. Alikuwa amelisikia lile tii siku ile, na leo ameuona ufa, na fundi cherehani hahitaji kuambiwa mara mbili kipande gani kinaungana na kipi. Alikuwa anaiokoa kazi yangu.

"Ulifungua kwa nini, mama?" aliuliza Fundi Mkuu.

"Kwa spana."

"Spana gani?"

"Ile ya chuma."

"Zote za chuma, mama."

"Basi mojawapo."

Fundi Mkuu aliiweka plagi mezani, taratibu. Kope zake zilisema anajua. Lakini hakuwa yeye mwenye mashtaka.

Mwenye mashtaka alikuwa anavaa kofia yake ya pikipiki.

"Kwa hiyo ulijua," alisema Bwana Pampu. Sasa alikuwa anazungumza naye moja kwa moja, bila kunipitisha mimi, na ingekuwa heri angenipitisha. "Uliiangusha mwenyewe. Halafu ukanisimamisha mbele ya wateja wangu ukaniambia mimi nauza uchafu."

Shangazi aliikunjua mikono. Nadhani hesabu hiyo hakuwa ameifikia. Alikuwa amekimbilia kunifunika mimi, hakuangalia anamfunua nani.

"Bwana, si yeye," nikasema. "Ni mimi. Nilifunga mimi, iliniponyoka mimi, na petroli chafu niliitunga mimi, hapo ulipo."

Nilitegemea ngurumo. Maisha yangu yote nimedanganya kwa ulaini, na nilidhani ukweli nao utateleza hivyohivyo.

"Usimsikilize," alisema Shangazi. "Ananifichia aibu. Mtoto ana moyo mzuri."

"Sina moyo mzuri, Shangazi. Fundi, mwambie sina."

"Hana," alisema Fundi Mkuu.

Lakini Bwana Pampu alikuwa ananiangalia kwa huruma. Huruma, wasomaji wangu. "Kijana, umejitahidi. Dakika ishirini zilizopita ulikuwa unaapa petroli yangu ilikuwa chafu zamani, sasa unasema uliitunga. Nikuamini lipi?" Akamgeukia Shangazi. "Na wewe, unamfundisha kukubebea makosa."

Mwongo mzoefu hana shahidi, na shahidi wangu mmoja alikuwa amesimama pale ananikana kwa mapenzi.

Bwana Pampu alitoka hadi kwenye pikipiki yake. Shangazi alitazama saa ya ukutani: saa tano na nusu. Akafungua mlango wa gari, akakaa, akazungusha ufunguo. Gari lilizunguka hewa tupu, likatoa sauti za kibogoyo. Plagi zake tatu zilikuwa mezani, na ya nne nusu nje.

Alishuka. Akalitoa furushi la sare, akaliweka kichwani, akaanza kwenda kwa miguu, mgongo umenyooka. Shule ni mwendo wa saa nzima.

Alipompita Bwana Pampu getini hakumtazama. Bwana Pampu naye aliangalia tangi la pikipiki, kama linavuja.

Kisha nikamsikia. "Panda."

"Nitafika."

"Watoto hawana kosa. Panda."

Shangazi alisimama kwa muda ambao mimi ningekunywa chai. Mwishowe alishusha furushi, akapanda, na akalitia katikati yao. Furushi la sare hamsini, pana kama godoro. Yeye akalikumbatia furushi, asimguse mwenye pikipiki hata kwa kiwiko. Wakaondoka hivyo, watu wawili na ukuta wa kitambaa.

"Daktari," alisema Fundi Mkuu nyuma yangu. "Mimi na wewe tutaongea jioni."

"Ndiyo, Fundi."

"Na kesho utakwenda kituoni kwake, utasema uliyoyasema leo mbele ya wateja walewale. Uvae shati safi. Hiyo mashine uiache hapa."

Nilivua kimashine shingoni. Nilijisikia uchi.

Macho yangu yalikuwa bado barabarani. Pale kwenye kona, kabla ya kuipita, pikipiki ilisimama. Nikasema amemshusha, yamekwisha. Bwana Pampu alishuka, akanyoosha mkono. Alilitoa lile furushi kutoka katikati, akalipakata mbele yake juu ya tangi, akakaa tena.

Nyuma yake pakabaki nafasi tupu, ya kutosha furushi zima. Shangazi alikuwa mwisho wa kiti, mikono haina cha kukumbatia.

Pikipiki ikawashwa. Niliona mkono mmoja wa Shangazi unainuka, sikujua unakwenda kushika chuma cha nyuma au koti la mtu.

Lori la mchanga likapita katikati yetu, refu kama mkutano wa ukoo, na lilipokwisha kupita, kona ilikuwa tupu.